Chai ya Mgonjwa

 Msikilizaji, kama uko Somanga, Kivinje, Masoko, Mchinga au Lindi mjini, najua saa hizi birika liko jikoni na kuna mtoto ametumwa dukani kuchukua sukari nusu kilo, au robo kama mwezi uko katikati. Vuta kigoda. Leo tuizungumze hiyo chai yenyewe.

Majuma mawili yaliyopita nilikuwa Kilwa Masoko kwa shughuli zangu. Asubuhi ya kwanza, kama saa kumi na mbili na nusu, nikaingia kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na stendi. Benchi mbili, meza moja yenye kitambaa cha plastiki cha maua, mihogo ya kuchemsha ndani ya beseni, changu wa kukaanga chini ya kawa, na chupa tatu kubwa za chai zimepangwa kama wanafunzi mstarini. Mwenyewe yuko jikoni anageuza vitumbua. Nikasalimia, nikaketi, nikasema: "Mama, naomba chai ya rangi, ila isiwe na sukari."

Akaacha kugeuza vitumbua. Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Pole baba. Imekuanza lini?"

"Nini, mama?"

"Sukari."

"Hapana mama, mimi sina sukari."

"Ndiyo, nimekusikia. Nauliza imekuanza lini."

Vijana wawili wa bodaboda waliokuwa pale wakanisogezea nafasi kwenye benchi, kwa heshima ile anayopewa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Nikaeleza kwamba siumwi, ni mazoea yangu tu. Mama akaitikia "haya" kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini hata neno moja. Halafu akasema nisubiri, kwa sababu chai iliyomo kwenye chupa zote tatu ilikuwa imeshatiwa sukari ndani ya sufuria. Ile aliita sukari ya kuanzia. Kopo lililokuwa mezani lilikuwa la wale ambao ya kuanzia haiwatoshi.

Nimekianza kisa hiki kwa sababu kuna swali limekuwa likinizunguka: je, mtu anayependa chai huwa ni mtu anayejali afya yake? Ukiwauliza watafiti wa Ulaya, watakwambia kwamba kwa kiasi fulani, ndiyo. Mwaka 2014, kwenye mkutano wa madaktari wa moyo uliofanyika Barcelona, Profesa Nicolas Danchin wa Ufaransa alieleza habari za watu zaidi ya 131,000 waliopimwa afya zao kwenye kituo kimoja cha Paris kati ya 2001 na 2008. Walipofuatiliwa kwa miaka michache, ilionekana kwamba wanywaji wa chai walikufa wachache kuliko wasiokunywa, hasa kwa maradhi yasiyo ya moyo. Na tena, wanywaji wa chai walivuta sigara kidogo na kufanya mazoezi zaidi. Wa kahawa walikuwa kinyume chao: miongoni mwa wasiokunywa kahawa kabisa, waliovuta sigara walikuwa 17 kati ya 100, miongoni mwa wanaokunywa zaidi ya vikombe vinne kwa siku, walikuwa 57. Kwa hiyo profesa mwenyewe akauliza swali la haki kabisa: ni chai inayowaponya, au ni kwamba watu wa aina fulani, wenye kujitunza, ndio wanaochagua chai?

Shika hilo neno, msikilizaji: wanaochagua. Paris mtu anaamka asubuhi na mbele yake kuna kahawa, kuna chai, kuna juisi, na akichagua chai amekwambia kitu kuhusu nafsi yake. Sasa njoo Kilwa. Nani hapa anachagua chai? Chai siyo kinywaji, chai ni mlo. Mtu akikuuliza "umekunywa chai?" hakuulizi habari ya majani yaliyochemshwa, anakuuliza kama tumbo lako lina kitu. Unaweza kunywa uji wa mtama na pweza ukajibu kwamba ndiyo, chai nimekunywa. Neno staftahi nimelisoma vitabuni na nimelisema mwenyewe mbele ya kipaza sauti hiki, lakini sijawahi kulisikia kinywani mwa mtu yeyote kati ya Rufiji na Lukuledi. Mvuvi anakunywa chai, shehe anakunywa chai, mwalimu, mchoma mkaa, mwanafunzi, bibi harusi, mfiwa. Ukitaka kumtofautisha anayejali afya na asiyejali kwa kuangalia nani anakunywa chai, ni sawa na kuwatofautisha kwa kuangalia nani anavaa ndala.

Na ukija kwenye kahawa, mambo ya Paris yanapinduka juu chini. Mnywaji wa kahawa wa huku ni yule mzee wa barazani Kivinje, baada ya swala ya alasiri, pembeni ya bao. Kahawa yake ni chungu, haina chembe ya sukari, imo ndani ya kikombe kisichozidi ganda la yai. Utamu, kama anautaka, ni kipande cha kashata, naye anakimega kwa woga kwa sababu meno hayapo. Mzee huyo amekuja barazani kwa miguu na ataondoka kwa miguu kuwahi magharibi. Nyumbani, mkewe na wajukuu wanakunywa chai yenye vijiko vitatu. Ukimleta profesa wetu hapo akahesabu, ataondoka na jibu kwamba kahawa ndiyo inayorefusha maisha Kilwa, na atakuwa amekosea kwa namna ileile aliyotutahadharisha nayo yeye mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo lingemchanganya. Wengi wa watu wa pwani hii ni Waislamu, na mtu wa chai mara nyingi ni mtu asiyekunywa pombe kwa sababu ya dini yake. Msimu wa korosho mabibo yakiiva, huko bara kidogo utakuta uraka umeanza kukamuliwa. Na kuna mnazi, na kuna gongo, ambayo sina haja ya kuieleza. Anayekwepa hivyo vyote akabaki na chai yake, ini lake litakuwa na nafuu. Hapo sifa iende msikitini, isiende kwenye birika.

Sisemi chai yenyewe haina faida. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa wa Uingereza, wa watu karibu nusu milioni waliofuatiliwa kwa miaka kama 11, na wengi wao walikunywa chai hii hii ya majani meusi tunayokunywa sisi. Waliokuwa wakinywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo ndogo kwa asilimia 9 hadi 13 kuliko wasiokunywa, wenye kutia maziwa na sukari wakiwemo. Najua ukisikia hapo unataka kuniambia, "Umeona? Hata wenye sukari!" Taratibu. Sukari ya Mwingereza na sukari ya stendi ya Masoko zina jina moja tu, kipimo ni mbalimbali.

Basi turudi kibandani. Wakati nasubiri maji yachemke, nilikaa kumtazama kijana mmoja wa bodaboda. Alimiminiwa chai kwenye bilauri ya kioo, ile yenye sukari ya kuanzia. Akavuta kopo. Kijiko cha kwanza hakukisawazisha, alikichota kikatoka na kilima juu yake, na wakati anakipeleka kwenye bilauri kilima kikamwagika kidogo, akarudi kukijazia ili haki itimie. Cha pili vilevile. Akakoroga, akaonja, akatafakari, akaongeza nusu. Halafu akakoroga tena kwa muda mrefu, kile kijiko kikigonga kioo kama kengele ya shule, kwa sababu chini ya bilauri sukari ilikuwa imegoma kuyeyuka. Alipomaliza kunywa, akainamisha bilauri na kuichokora ile iliyobaki chini akailamba. Nikamwuliza mbona nyingi hivyo. Akacheka, akasema: "Mzee, hii ndiyo petroli."

Hakukosea sana. Tupige hesabu yake. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba kama gramu 4 za sukari, chenye kilima huenda hadi 6 na kuzidi. Viwili na nusu alivyoongeza vina gramu 15 kwa uchache, hatujahesabu ya kuanzia. Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa mwaka 2015, linasema sukari ya kuongeza isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu mtu anazopata kwa chakula chake cha siku, na ikipungua hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtu mzima hiyo nusu ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vilivyosawazishwa, kwa siku nzima, kila kitu kikiwemo. Kijana wetu atakunywa chai nyingine saa nne, na mchana jua likikaza pale kijiweni atanunua soda, ambayo chupa moja peke yake huwa na gramu zaidi ya 30. Kabla ya adhuhuri ameshavuka mpaka na bado anaendelea na safari.

Na yeye ni afadhali ana hoja ya petroli. Babu yake alikuwa na hoja hiyo kwa haki zaidi: mtu aliyepiga kasia kwenda Songo Mnara, au aliyeshika jembe tangu alfajiri, sukari ile ilikuwa inachomeka mwilini kabla jua halijasimama. Mjukuu amekalia pikipiki. Petroli anaitia mara mbili, moja kwenye tangi na moja tumboni, na inayotembea ni ile ya tangi.

Nimetafuta sana chanzo cha sukari nyingi hivi katika pwani yetu, na nakiri kuna mambo matatu yamesukana pamoja. La kwanza ni maji. Visima vyetu vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi. Ukiyachemshia majani ya chai, chumvi inabaki ulimini, na dawa ya haraka ni kijiko cha ziada na kipande cha tangawizi. La pili ni bei ya kitoweo. Chai yenye sukari ya kutosha na muhogo inakushikilia hadi mchana hata kama samaki hakupatikana.

La tatu ndilo zito, nalo ni heshima. Mgeni akija nyumbani kwako ukampa chai isiyokolea sukari, umemtukana. Atainywa, atashukuru, atatoka, na kufika kona ya pili mtaa mzima umejua kwamba kwa fulani kuna ubahili. Kwenda msibani tunabeba sukari. Kwenda kumwona mzazi tunabeba sukari. Ramadhani ikikaribia, anayetaka thawabu anapeleka sukari na tende kwa wasiojiweza. Hakuna mtu aliyewahi kwenda kuhani msiba akiwa amebeba mchicha. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi bila sukari" anarudisha zawadi mkononi mwa aliyeitoa, na mwenyeji analazimika kumtafutia udhuru. Udhuru unaokubalika ni mmoja tu: anaumwa. Ndiyo maana yule mama hakuniuliza kwa nini, aliniuliza tangu lini.

Na lugha yetu imemsaidia. Kitamu tunachokoroga na ugonjwa unaotupofua macho na kutukata miguu vyote tunaviita sukari. Madaktari wanajaribu kusema kisukari, lakini mtaani ki- hiyo imeshaanguka njiani. "Ana sukari" unaweza kusema kwa mwenye duka na kwa aliyelazwa.

Historia nayo ina uchungu wake. Wazee wetu wa Kilwa Kisiwani walikuwa na vyombo vya kichina karne nyingi kabla ya kuwa na chai ya kutia ndani yake. Ukienda leo kisiwani utaona mahali bakuli zilipopachikwa kwenye mapaa ya misikiti kama pambo, na msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 mji ulikuwa umeshamiri. Sukari tuliijua vingine. Mnamo 14 Septemba 1776, Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na mfanyabiashara wa Kifaransa, Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Walipelekwa kwenye visiwa vya Wafaransa, ambavyo leo tunaviita Morisi na Reunion, kwenye mashamba ya miwa na kahawa. Kwa hiyo watu wa nyuma ya pwani hii walitoa jasho kwenye sukari ya wengine vizazi kadhaa kabla ya wajukuu wa ndugu zao kuitia kwenye kikombe. Na majani ya chai kwa hapa Tanzania yaliletwa na Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakayajaribu Amani kule Usambara, kisha nyanda za juu, Rungwe na baadaye Mufindi, ambako kuna baridi na mvua ya kutosha. Hapa kwetu mchai hauoti. Kila kikombe kinachonywewa Kilwa kimesafiri kutoka milimani, kimeshuka Dar es Salaam, kikapita tena kama kilomita 300 kusini. Tunakunywa kitu cha kigeni kwa moyo wa mwenyeji.

Tuje kwenye huo ugonjwa wa sukari. Mwaka 1989 Profesa McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya kupima watu katika vijiji sita vya Tanzania, na wenye kisukari hawakufika mtu 1 kati ya 100. Mwaka 2012 ukafanyika upimaji wa kitaifa wa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, mijini na vijijini, na walioonekana kuwa na sukari iliyopanda walikuwa kama 9 kati ya 100. Sawa, vipimo si vilevile, na mijini kumechangia. Lakini hata ukipunguza kwa hisani, hiyo ni safari ndefu kwa miaka 23. Chai haikuletwa katika miaka hiyo 23, ilikuwepo. Kilichobadilika ni mwendo wa miguu, mafuta, soda, na kilima juu ya kijiko.

Kuna kipindi kimoja Kilwa nzima iliacha sukari bila mahubiri ya mtu yeyote. Unakumbuka mwanzoni mwa 2024? Mvua za El Niño zilizuia miwa kuvunwa, viwanda vikasuasua, sukari ikaadimika hadi kilo ikapita shilingi 4,000 huku serikali imetangaza bei elekezi iliyo chini ya hapo. Watu wazima tulikumbuka foleni za miaka ya themanini mwanzoni. Mama ntilie wakafuta sukari ya kuanzia. Kopo la mezani likahamia jikoni, na kijiko unapimiwa na mwenye kibanda mwenyewe. Hakuna aliyekufa. Baadhi ya watu walianza kusikia ladha ya chai kwa mara ya kwanza, wakagundua kumbe ina uchungu mzuri. Halafu meli za sukari zikaja, bei ikashuka, na kopo likarudi mezani siku hiyohiyo.

Sasa nisije nikaonekana nimeiweka sukari peke yake kizimbani. Kuna mambo mawili mengine ya kikombe ambayo hayasemwi sana.

Moja ni moto wake. Mwaka 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, lilitangaza kwamba kunywa kitu chenye joto linalozidi nyuzi 65 kuna uwezekano wa kuchangia saratani ya koo la chakula. Saratani hiyo ni tatizo la ukanda wetu, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini. Huko Kilimanjaro watafiti waliwahi kupima chai ya watu kabla tu hawajaanza kunywa, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba kwa wastani mtu alianza kunywa chai ikiwa imepita nyuzi 70. Sisi wa pwani tunapenda chai inayofuka moshi, tena tunajisifu: "chai gani hii imepoa, unanipa maji ya kuogea?" Lakini mtazame mzee wa Kivinje wa miaka themanini. Anamimina chai kidogo kwenye kisahani, anakiinua kwa vidole vitatu, anapuliza, anavuta kwa sauti. Vijana wanamcheka. Dakika ile ya kisahani imeshusha joto lote, naye hajasoma karatasi ya Lyon wala ya mahali popote. Kama unatafuta mnywaji chai mwenye kujali afya, ninamteua yeye, ijapokuwa ukimwuliza atakwambia alikuwa anaogopa kuungua ulimi.

La pili ni la kina mama. Kliniki ya wajawazito inatoa vidonge vya kuongeza damu. Mama anafika nyumbani, anaketi, anavimeza kwa chai ya rangi. Ile tanini iliyomo kwenye majani ya chai inayashika madini ya chuma na kuyazuia yasiingie mwilini. Sehemu ya kazi ya kidonge imekwenda na maji. Hivyohivyo kwa mboga ya majani na maharage yakisindikizwa na chai. Na sisi si watu wa kuchezea damu: utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Dada unayenisikiliza na tumbo lako, kidonge kimeze kwa maji au juisi ya ndimu, chai iache isubiri saa moja au zaidi. Haitakimbia.

Na haki itendeke, niiseme faida moja ya chai yetu ambayo sijaisikia ikisifiwa: imetuchemshia maji. Mwaka 1859 msafiri wa Kiingereza Richard Burton na mwenzake Speke walifika Kilwa wakakuta kipindupindu kimeukamata mji, wafu ni wengi kuliko wazikaji. Maji ya kisima kile kile, yakichemka vizuri birikani, mdudu wa kipindupindu hatoki mzima. Kaya nyingi za huku hazichemshi maji ya kunywa, kuni ni ghali na mkaa ni ghali zaidi, lakini asubuhi na jioni zinachemsha chai. Mtoto anayekunywa chai mara mbili kwa siku amekunywa walau bilauri mbili za maji salama. Tumejitunza bila kujua, ila tukatia vilima vya sukari ndani ya dawa.

Wapo pia wale wanaojua kabisa kwamba wanajitunza. Hawa siku hizi wameongezeka mjini Lindi: ana pakiti ya chai ya kijani, au unga wa mlonge, au chai ya kupunguza tumbo iliyonunuliwa kwa kutumiwa na basi kutoka Kariakoo. Mmoja wao, rafiki yangu, anakunywa hiyo ya tumbo kila usiku baada ya wali wa nazi na chapati mbili. Tanzania tuna udhaifu wa kuamini kikombe. Mwaka 2011 watu walipanga foleni za magari za kilomita nyingi kule Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo waliotoka huku kusini wakavuka nchi nzima. Nilimfahamu mzee mmoja aliyekwenda na kurudi. Alikuwa na sukari. Aliporudi, nyumbani walimpokea kwa chai, na kwa furaha ya kupona wakamtilia vijiko vitatu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lile, kwa pwani hii, ni kwamba kumwona mtu na kikombe cha chai hakukwambii lolote. Ngoja ashike kijiko, utamjua. Au mwangalie anavyoipoza, na amekuja hapo kwa miguu au kwa bodaboda.

Nimalizie kisa cha yule mama. Siku ya pili nilipotokea tu mlangoni, akaita kwa sauti ya kusikika stendi nzima: "Mgonjwa wangu kafika!" Akanionyesha chupa ndogo ya nne, ya buluu, ameifunga uzi mwekundu shingoni. Chai ya rangi, tangawizi, mchaichai, hakuna sukari. Ameamka nayo kwa ajili yangu. Nikanywa vikombe viwili na muhogo na kipande cha changu, nikamlipa, akakataa kupokea ya kikombe cha pili kwa sababu, alisema, isiyo na sukari haina gharama.

Siku ya tatu nilichelewa. Nikafika kama saa mbili na nusu, chupa yenye uzi mwekundu iko juu ya meza imelazwa ubavu, tupu.

"Mama, leo imekuwaje?"

"Nisamehe baba. Wavuvi wametoka usiku wamelowa, chupa zote zimekwisha, nikawapa hiyo yako."

Nikafurahi kwelikweli, msikilizaji. Nikaona mambo yameanza kubadilika. Nikamwuliza: "Wameinywa? Wameipenda?"

"Wameipenda sana," akasema, huku ananikung'utia kopo mbele ya macho yangu. "Sukari yangu ya siku nzima wameimaliza humo."